Loyi na Uwanja Uliojaa Watu

Loyi hajui kutulia. Shuleni Kasese nilikaa naye benchi moja, na ndege ndogo ikilia angani yeye alishafika mlangoni kabla mwalimu hajamkemea. Mwaka 2016 alikuwa anasomea urubani, amebakiwa na safari moja ngumu: kuruka peke yake hadi Kasese, atue, kisha arudi. Asipotua, safari haihesabiwi.

Kosa alilifanya mwenyewe. Alimpigia simu mama yake, Bulandina, muuza samaki sokoni, akamwambia, "Nitapita chini kwanza, halafu nitatua." Rubani hupita chini kukagua kama kuna mbuzi uwanjani. Bulandina alielewa kwamba binti atatusalimia, na soko zima likaelewa hivyohivyo, likahamia uwanjani kumpokea. Nami nilikuwemo, kwa ujinga wangu.

Alipopita mara ya kwanza tulifukuza mbuzi, kisha tukabaki sisi katikati ya uwanja, tukipunga mikono. Akarudi chini zaidi, injini inanguruma, akitaka tutawanyike. Tulishangilia. Waliokuwa pembeni nao wakaingia. Mara ya tatu alimwona mama yake mbele ya wote, na gomesi yake ya njano, vazi lake la sherehe. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Rwenzori, na mafuta yaliyobaki yalitosha kumfikisha uwanja wa Mbarara, basi. Anasema alitamani sana kujaribu, labda tungekimbia. Hakujaribu. Alipandisha ndege akaenda zake, tukabaki tunatazamana.

Alipiga simu kutoka Mbarara.

"Loyi, juu ya nini hukutua?" mama yake aliuliza. "Watu beko nanicheka."

"Mama, mulikuwa mu njia ya ndege. Ningewaua."

"Si tulikuja kukupokea?"

"Nitarudi wiki ijayo. Mama, nakuomba, usikuje."

Bulandina alikata simu bila kuaga. Wiki iliyofuata nilimkuta sokoni akipanga na kupangua samaki walewale, aibu na hasira zimemjaa. Ndege ilipolia juu yetu hakuinua kichwa.

Loyi alitua vizuri. Alizima injini, akashuka, akazunguka ndege mara mbili bila sababu. Uwanja ulikuwa mtupu kama alivyoomba. Ananiambia hajawahi kutamani kumwona mama yake kama siku ile, naye yuko mwendo wa dakika chache tu, na mvua inakuja, na lazima aruke tena.