Sauti Zilizo Mwisho wa Kadi

Nilimkamata mtoto kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia nikaung'oa waya wa spika. Sikuwa nimepanga. Tulikuwa tumekwenda Ukunda kumnunulia ndara, mimi na binti yangu wa miaka miwili, tukapita mbele ya kibanda cha yule kijana anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Spika yake hukaa nje juu ya kreti la soda, inapiga tangu asubuhi. Mtoto aliniachia kidole akaanza kucheza.

Alicheza vizuri, Mungu amlinde. Madereva wa tuktuk wakampigia makofi. Mmoja akasema, "Huyo mpeleke Diani, wazungu watamgombania!" Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sauti iliyokuwa ikiimba kwenye spika ile nilikuwa naijua. Ilikuwa ya mama yake mzazi, na mama yake mzazi alishazikwa. Na kile kilichokuwa kikipiga mdundo chini yake hakikuwa ngoma wala kinanda. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, kimekatwa kipande kikarudiwarudiwa, nga, nga, nga, na juu yake sauti ya mwenye kibanda ikipiga kelele: "Ukunda mko wapi!"

Yule mtoto mchanga ndiye huyu aliyekuwa akicheza. Alikuwa anakicheza kilio chake mwenyewe.

Kijana akatoka ndani. Ni mtu wa bara, mpole siku zote, mimi ni mteja wake wa zamani. "Siz, nini tena? Umeniharibia spika!"

"Huyu anayeimba ni nani?"

"Sijui. Haina jina. Ilikuwa kwenye mashine, nikaipiga miksi kidogo. Hii ngoma imeshika, siz, kila tuktuk iko nayo."

"Huyu ni marehemu. Na anayelia ni huyu hapa."

Akamtazama mtoto. Nilimwona akishtuka, siwezi kumsingizia. Halafu akautazama waya wake. "Pole. Kweli pole, sikujua. Lakini wewe ni nani yake?"

Nikamwambia anipe ile rekodi yenyewe, kabla hajaikatakata. Akasema hajui kama bado ipo, labda ipo, labda aliifuta, mashine hujaa. Akasema vilevile kwamba hawezi kumpa mtu yeyote tu anayepita njiani. "Aje mwenyewe. Na spika nitaipeleka kwa chifu."

"Mwenyewe yuko kaburini, pumbavu wewe," nikamwambia, mbele ya watu wote, na mtoto akaanza kulia kwa sababu muziki umezimwa.

Sasa nieleze vizuri, maana hasira imenitanguliza.

Mimi nafanya usafi kwenye nyumba za kukodisha kule Diani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, na hapo katikati kitu pekee kilichokuwa changu peke yangu kilikuwa muziki kwenye sikio moja. Sikio la pili lazima libaki wazi, mama mwenye nyumba akiita usikie. Na sikuwa napenda nyimbo zinazopigwa kila harusi. Nilikuwa napenda mwisho wa kadi.

Ukinunua kadi iliyojazwa kibandani, mwanzo kuna zile nyimbo kubwa, zenye majina na picha. Watu husikiliza hizo, zikiisha wanarudi mwanzo. Mimi nilikuwa nakwenda mpaka chini kabisa, kwenye faili zisizo na jina, zilizoandikwa tu "Rekodi" na namba. Wenzangu waliziita takataka. Huko nilimkuta mtu wa Kinango anayeimba huku mashine ya kusaga mahindi inanguruma nyuma yake, na mashine ikizimwa naye ananyamaza, kana kwamba mashine ndiyo iliyokuwa ikiimba. Niliwakuta wasichana wawili, kwa lafudhi nadhani ni wa Vanga, wanaanza kasida kwa adabu zote, mmoja anashikwa na kicheko, na wimbo hauishi kamwe. Nilikuwa nikitandika vitanda vya watu huku nacheka peke yangu. Mume wangu alisema nitapelekwa kusomewa dua.

Siku moja nikamsikia yeye.

Alikuwa anapiga beseni lenye maji. Nilijua ni beseni kwa sababu kila akiliinamisha, sauti ya plastiki ilipanda na kushuka, na maji yalisikika yakihama upande. Aliimba juu ya soksi. Soksi moja ya mgeni imebaki dobi, mwenzake amesafiri, na huyu aliyebaki amefuliwa, ameanikwa, amekunjwa, na hakuna wa kumvaa. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inakwaruza kidogo, na haikuwa sawa sana. Ilikuwa inaikaribia noti, inaigusa, halafu inaondoka kama aliyekosea nyumba. Niliurudia wimbo ule mpaka pasi ikaniunguzia shuka.

Nilimtafuta. Mwishoni mwa rekodi ile adhana inaingia kwa mbali, na muadhini anakohoa katikati. Kikohozi kile nakijua. Ni cha msikiti wa Bongwe, shangazi yangu anakaa pale karibu. Basi nikamjua muadhini kabla ya kumjua mwimbaji. Jumapili yangu ya mapumziko nikaenda Bongwe, nikauliza nyumba hadi nyumba, "Hapa kuna dada anayeimba na beseni?" Watu walidhani nimechanganyikiwa. Nyumba ya mwisho mama mmoja mtu mzima akanijibu, "Shikamoo kwanza, halafu hayo mabeseni."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni binti yangu. Amekukosea nini?"

Alikuwa dobi wa hoteli, rika langu, meno ya mbele yameachana. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya soksi alijifunika leso uso mzima. Nyimbo zake alizirekodi kwa simu, akiwa uani, na hakuwa amempa mtu. "Zilitokaje?" akauliza. Tukaja kuelewa baadaye. Kibandani, ukipeleka simu wakuongezee nyimbo au wakupunguzie, yule kijana huhamisha kila kitu chenye sauti kwenda kwenye mashine yake, na akijaza kadi ya mtu mwingine humwaga vyote pamoja. Hachagui. Ndiyo kazi yake ilivyo, hata leo. Hapo ndipo mwisho wa kadi ulipokuwa ukitoka.

Hakukasirika. Alicheka akasema, "Kumbe nina msikilizaji."

"Mmoja," nikamwambia.

"Anatosha. Wengi wataniletea maneno."

Basi nikawa msikilizaji wake. Aliniimbia juu ya bomba linalodondosha maji ofisi ikiwa imefungwa, juu ya mbuzi wa jirani aliyekula kadi ya harusi na sasa anajiona amealikwa. Mimi nilikuwa na mtoto wa kiume wa miezi kadhaa, yeye alikuwa mjamzito. Mwanangu alikuwa anamtolea macho kila akigusa beseni. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile, nasema kweli, na sidhani nitaipata tena. Kugundua kitu ambacho dunia nzima imekipita, halafu kumbe hicho kitu kina mikono na kinakukaribisha chai.

Akajifungua mtoto wa kike. Akawa ndani, kwenye arobaini, kama ilivyo kwetu: mzazi hatoki, anakandwa, anafukizwa udi, na wanaoingia ni watu wa ndani. Mimi niliingia. Simu yake ilikuwa imejaa, akataka nafasi ya kumrekodi mtoto, akawa anamtuma mumewe kibandani kuipunguza. Rekodi aliyoimba mle chumbani niliishuhudia. Hakupiga beseni. Alipiga kifua chake taratibu kwa kiganja, mtoto akiwa hapo juu yake, akamwimbia habari za nje: kwamba jua lipo, kwamba kuku wapo, kwamba kuna mti wa mkanju na akitoka ataonyeshwa. Mtoto akalia katikati, yeye akaendelea. Mwishoni akamuuliza kitu, halafu akabonyeza simu.

Kile kilikuwa cha chumbani. Sauti ya mzazi aliye ndani ya arobaini haiendi hata barazani, sembuse barabarani.

Wiki ile ile simu ikapelekwa kibandani. Na baada yake homa ikampanda, akapelekwa Msambweni, na hakurudi akiwa hai. Mumewe akaenda zake Mombasa na ile simu, ikaibiwa Likoni, mwenyewe ndivyo alivyotueleza. Sina la kuongeza juu ya mumewe.

Siku ya mazishi mtoto alikuwa analia njaa mle ndani kwenye mikeka, na wanawake wote tumekaa. Maziwa ya kopo alikuwa anayatapika. Mimi matiti yangu yalikuwa yamejaa, nimeketi tangu alfajiri, nguo imelowa. Bibi akanitazama. Hakuniomba. Akamweka mapajani mwangu mbele ya wanawake wote, nikamnyonyesha, na alipomaliza bibi akasema kwa sauti, ili wasikie, "Haya, shuhudieni. Kuanzia leo huyu ana mama. Na mwanawe wa kiume ni nduguye, hawataoana." Kisha ndipo alipolia.

Nilimnyonyesha mpaka alipoacha ziwa. Analala kwa bibi Bongwe siku zingine, siku zingine kwangu. Huniita mama. Ananyang'anyana sahani na nduguye kama ndugu wote.

Sasa unaelewa kwa nini swali la kijana yule lilinichoma. Wewe ni nani yake.

Nilikwenda Bongwe moja kwa moja kutoka Ukunda, ndara hatukununua. Nikamweleza bibi. Alikuwa anachambua mchicha, akaendelea kuchambua. Akauliza tu, "Ni sauti yake kweli?"

"Ni yake, bibi."

"Inasikika?"

"Inasikika, lakini wameifunika kelele."

Akauweka mchicha chini. Halafu akasema, "Mimi nimeanza kuisahau, mwanangu. Uso ninao. Sauti inaniponyoka. Juzi nilikuwa najaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita kutoka uani, ikanijia sauti ya mtu mwingine."

Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka kitu kingine, kizito zaidi. Maana mimi pia sina. Kadi yangu ya soksi iliharibika na maji. Kwenye dunia hii nzima yule mwanamke amebaki mahali pamoja, kwenye mashine ya kijana wa kibanda, kama hajafutwa.

Nimefikiri pia juu yangu. Nami nilikuwa nikizichukua sauti zisizo na jina na kuzipenda. Ila mimi nikipenda nilifunga leso nikaenda kuuliza, huyu ni nani. Nilibisha hodi. Hakuna kinachomzuia mtu kubisha hodi.

Bibi hakutaka mashtaka. "Tumuachie Mola."

"Mola nimemuachia. Kibanda sijakiachia."

"Una ulimi wewe."

"Ndio, bibi. Twende."

Akajitanda buibui lake akaja. Ofisini kwa chifu tulimkuta karani, kijana naye, mwenye heshima. Akasikiliza yote. Akauliza mlalamikaji ni nani. Bibi akasema, "Ni huyu."

"Na wewe dada ni nani wa marehemu? Ndugu?"

"Mimi ni mama wa mtoto. Wa kunyonya."

Kalamu ikasimama hewani. "Hiyo naiandikaje? Niweke rafiki?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi akaiegemea meza. "Andika mama. Wa kuzaa amekufa, wa ziwa ni huyu, na mimi ni shahidi, na wanawake wa Bongwe nzima ni mashahidi. Ukiandika rafiki nitakaa hapa mpaka mfunge ofisi."

Karani akacheka kidogo. Akanisukumia karatasi. "Basi andika mwenyewe, mama."

Niliandika hivi:

"Kwa Chifu. Mimi ni mama wa kunyonya wa mtoto wa kike wa miaka miwili, ambaye mama yake mzazi ni marehemu. Ninamlalamikia mwenye kibanda cha kuweka nyimbo kilichoko Ukunda, karibu na stendi ya tuktuk. Alichukua kutoka kwenye simu ya marehemu sauti aliyoimbiwa mtoto huyu chumbani, ndani ya arobaini. Amekikata kilio cha mtoto akakifanya mdundo, na anaipiga barabarani bila idhini ya yeyote. Spika yake nimeing'oa waya mimi, sikatai, na hilo nitalijibu nikiitwa.

Ninaomba aache kuipiga na awaambie wenye tuktuk waifute. Ninaomba aitwe aje na mashine yake, itafutwe rekodi ya asili mbele yetu, na asifute chochote mpaka siku hiyo. Hatutaki kingine kutoka kwake. Mtoto hana kitu kingine chenye sauti ya mama yake, na bibi yake pia hana.

Rekodi tunayoidai itatambulika kwa mwisho wake. Marehemu akishamaliza kuimba anamuuliza mtoto, 'Umelala?' Sehemu hiyo imekatwa. Nayo tunaitaka."