Kikombe Ambacho Damari Hakukionja

"Bibi, mbona unaonja wewe kwanza? Kwani mgema humwamini?"

Lea alikuwa darasa la tano alipouliza hivyo, amesimama kwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, pale Kalenga na kidumu alichopewa na babu yake. Damari alimaliza funda lake, akaufuta mdomo wa kikombe kwa kiganja, akampa mzee Vitus aliyekuwa akingoja.

"Nenda shule," akamwambia mtoto.

Faustina, aliyekaa naye benchi moja, alicheka akashika mbavu. Akasema huyu mwenzake huonja ili apate vya bure.

Benchi lile walikuwa wamelikalia pamoja miaka kumi na tisa, kila mmoja na ndoo zake. Ulanzi wa mmoja ukiisha, mteja huelekezwa kwa mwingine. Damari alipofiwa na mume, ni Faustina aliyelala naye mkekani mpaka watu wote wakatawanyika.

Mvua za mwaka ule zilimleta Philbert, mtoto wa kaka yake Damari, kutoka Ilomba huko Mbeya. Alikuja na kipaza sauti chenye manyoya kama paka. Alikuwa anatengeneza podikasti, vile vipindi vya kusikiliza kwenye simu, na safari hii alitaka kuwaeleza watu ulanzi ni kitu gani hasa.

Damari alitegemea mchezo, akakuta kazi. Alfajiri kijana alikuwa kwenye mianzi na Vitus, anatazama chipukizi linavyokatwa ncha. Jioni alirudi tena kuona likikatwa upya. Jambo aliloambiwa na mmoja aliwauliza na wengine wawili. Alimfuata hata mwalimu wa kemia, amweleze kwa nini mtamu wa leo kesho unakuwa mkangafu, wa kumlaza mtu njiani. Lakini ukweli mtupu haumezeki, alimwambia shangazi yake. Msikilizaji anataka mtu wa kumfuata na swali la kumkaba.

Akauliza habari za kuonja. Damari akamjibu kwamba ni kumwonyesha mgeni hakuna sumu. Je, sumu iliwahi kuwapo? Hapo Damari alimweleza bila kujibana habari za Gideoni, mteja wao wa zamani. Ni yeye aliyembeba mtoto huyu mgongoni, amfiche nini?

"Gideoni alipokufa, watu walisema ni ulanzi wa Faustina," alisema. "Uongo mtupu. Kikombe kile kile nilikinywea mimi, na hospitali walisema ni moyo."

Kipindi kilipotoka walikisikiliza palepale kilabuni, simu imesimamishwa juu ya ndoo. Walimcheka Vitus kwa kukohoa kwenye kipaza sauti. Kisha ikaja sauti ya Damari: *Gideoni alipokufa, watu walisema ni ulanzi wa Faustina.* Ikapigwa ngoma. Philbert akauliza, kwa sauti ya chini, ni nini basi kilichomuua Gideoni, akawaaga wasikilizaji mpaka sehemu ya pili.

Vitus akakitua kikombe chake chini, hakijaisha.

"Kumbe ndivyo unavyonisema," Faustina akasema.

Damari akaapa kwamba maneno yake yalikuwa na mwisho. Faustina akamuuliza huo mwisho uko wapi.

Damari alimpigia Philbert palepale.

"Shangazi, ndivyo hadithi inavyosimuliwa. Ningejibu palepale, nani angerudi? Ni wiki mbili tu. Na sijaongeza hata neno moja."

"Hukuongeza," Damari akasema. "Umekata."

Sehemu ya pili ilitoka, na ndani yake kila kitu: moyo, hospitali, kikombe kimoja. Ila ile ya kwanza ilikuwa imeshatumwa simu kwa simu mpaka Idodi, na hii ya pili hakuna aliyejisumbua kuituma. Wateja wa Faustina walianza kupita mbele yake wakiangalia pembeni. Akahamishia ndoo zake nyumbani, mwishowe akaacha kuuza. Kanisani alihama kiti. Damari alipompelekea simu ili asikie mwisho, aliirudisha. Alisema walikaa benchi moja miaka yote ile, hahitaji mashine ya kumwambia mwenzake anawaza nini.

Philbert alikuja Krismasi na kitenge, akasema kipindi kile ndicho kilichopendwa kuliko vyote. Damari alikipokea kwa mikono miwili. Hakukishona.

Lea amefika kidato cha tatu sasa. Juzi alipita kilabuni akamkuta Damari peke yake kwenye benchi refu, anapiga funda moja kabla ya kumpa mteja kikombe. Akamuuliza lile swali lake la zamani. Jibu la sumu alishalisikia kwenye kipindi, alisema, lakini hapa kila mtu anamjua, sasa anaonja ya nini?

Damari alimtazama kwanza kuona kama ameshika simu. Hakuwa nayo.

"Ili anayepokea ajue kimepita kwangu kabla ya kufika kwake," akasema. "Philbert alimnywesha Faustina maneno yangu. Mimi hakunionjesha."