Kikohozi cha Kiti cha Nyuma

Mama mkwe wangu hajawahi kuniambia neno moja kwa moja. Kwetu ukwe ni heshima, na heshima ni umbali. Tukisafiri anakaa kiti cha nyuma, kona ya mbali na mimi, khanga imefunika nusu ya uso. Akitaka tusimame anamwambia binti yake, yaani mke wangu, naye ananiambia mimi, kana kwamba sina masikio. Shikamoo yangu huipokea huku anaangalia zizi. Nimeshazoea.

Kwa hiyo alipoanza kukohoa ndani ya gari langu, hakuna aliyenieleza kitu.

Ana pumu. Kila mwezi tunamfuata Issenye na kumleta kwetu Nkende, ili binti yake ampeleke kliniki ya kifua hapa Tarime mjini. Njia ina vumbi sana, na tukikaribia Nyangoto malori yakitutangulia hatuoni hata ng'ombe walio kando ya barabara. Basi mimi nafunga vioo, nawasha feni, najiona mkwe wa kupigiwa mfano. Nikiwasha tu, nyuma kinaanza kikohozi, kimebanwa ndani ya khanga, halafu nasikia kioo kinashushwa. Vumbi lote la Serengeti linaingia. Mimi nakipandisha kwa swichi ya kwangu, yeye anakishusha tena. Tuligombana hivyo safari nzima bila kusemezana, mimi na mama wa watu, na nisiseme uongo, nilikasirika. Nilidhani kinachomkera si gari, ni mwenye gari.

Jioni moja, tukiwa tumesharudi kutoka kumpeleka kwake, mke wangu akaniambia mama yake hataki tena kufuatwa. Atanunua dawa duka la kijijini, kliniki basi. Nikauliza nimemkosea nini.

"Gari lako linanuka, baba watoto," akasema. "Ukiwasha feni kifua kinambana. Sasa atakuambiaje, na wewe ni mkwe wake?"

Niliumia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu maradhi yake hakuyaficha kwa ujinga. Aliyaficha ili asiniaibishe mimi. Na pumu haingojei watu wamalize kustahiana.

Kesho yake nikaingia maduka ya spea nikaomba filta ya hewa. Sasa hapa kwetu ukiomba filta ya hewa unapewa eya klina, ile ya injini, na mimi sikujua kama kuna nyingine. Nikaifunga mwenyewe kwa mbwembwe. Mke wangu akamsihi mama yake ajaribu mara moja zaidi, akakubali kwa shingo upande. Gari lilipanda vilima kama limetoka Japani jana. Nyuma, kikohozi kilekile. Gari limepona, mgonjwa kabaki mgonjwa.

Jibu lilikuja kwa hereni. Mke wangu aliidondosha nyuma ya ile droo ya dashibodi, mbele ya kiti cha abiria, na kwa kuwa ilikuwa zawadi yangu sikuthubutu kusema aiache. Nikaing'oa droo. Hereni niliipata, na nyuma yake nikaona kifuniko cha plastiki ambacho sikuwahi kukiona tangu ninunue gari. Nikakivuta. Kikatoka kitu cha mikunjomikunjo kama karatasi, cheusi, kimeota ukungu, kimejaa pumba za mahindi na manyoya ya kuku. Feni ilikuwa inapuliza hewa kupitia hapo, na tuliivuta wote. Mimi na mke wangu tuna vifua vya punda. Mama hana.

Fundi wangu nilipomwonyesha alicheka. Akasema hizo wao wanazitoa wanatupa, gari linatembea tu. Nikamjibu kwamba shida yangu haikuwa gari kutembea. Duka la kwanza hawakuijua. La pili walinipa iliyozidi upana, wakanishauri niikate kwa mkasi. Nikajisemea, nikikata nitaacha mwanya, na vumbi halihitaji mlango mkubwa. Nikaifunga ile chafu ndani ya mfuko nikaenda nayo Sirari, mpakani. Kule muuzaji mmoja, Kiswahili chake cha upande wa pili, alichungulia mfuko tu.

"Hii si ya injini, mzee. Hii ni ya kabini, ya watu. Wacha nikutafutie saizi yako."

Ya watu. Miaka yote nimeendesha bila kujua gari lina pua mbili, moja ya injini na moja yetu. Akailinganisha na yangu pembe kwa pembe, akanionyesha mshale ulioandikwa ubavuni, kwamba uangalie chini. Nyumbani niliosha hadi ile nafasi yake, nikaichomeka, ikaingia bila kulazimishwa.

Kumshawishi mama kulichukua maneno mengi, yote ya mke wangu. Tulipotoka Issenye nilifunga vioo, nikasita, nikawasha feni. Nikasubiri. Tukapita Mugumu, kimya. Tukafika Nyangoto, malori yakatumwagia vumbi, kimya. Nilianza kuogopa ukimya wenyewe. Halafu nikasikia mkoromo.

Mke wangu aligeuka, akaweka mkono mdomoni, akaninong'oneza alichokiona. Mama mkwe kulala mbele ya mkwe wake, tena khanga imeteleza na mdomo uko wazi, ni jambo ambalo akijua nimeligundua hatapanda gari hili tena maisha yake. Sikutazama kioo cha ndani hata mara moja. Niliendesha kwa shingo ngumu, natabasamu peke yangu, nakwepa mashimo kama nimebeba mayai.

Nkende nilisimama mbali kidogo na nyumba. Nilishuka, nikaurudisha mlango polepole, nikamnong'oneza mke wangu dirishani amwamshe nikishapotea. Kisha nikaenda dukani kununua mkate, na nyumbani mkate ulikuwepo.