Mama Alipotaka Kuniona

Wenzangu mliokulia Karatu ya vumbi jekundu, kabla lami haijapanda hadi geti la hifadhi, mtanielewa. Tuliamka na ukungu wa Julai, tukakimbia mchakamchaka kaptula zikitupwaya, mikono imekufa ganzi, kila mmoja na mzigo wake wa kuni au ndoo ya samadi ya bustani ya shule. Jioni tulipasua dumu bovu, tukalikalia, tukateleza nalo kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa mpaka makalio yanawaka. Halafu makande ya moto, na maziwa mgando ya kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Nikiwasimulia wanangu, wananiuliza kama tulikuwa tunaadhibiwa.

Nawaandikia nikiwa ndani ya gari, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, wageni wangu wakipiga picha. Simu ya ofisini imeshaita mara nne na sijapokea. Kuna jambo linanisumbua, nataka nilitoe.

Nilikuwa darasa la nne, kijijini kwetu Daa. Maharage yetu yote yalikuwa yamelazwa uwanjani, yamekauka vizuri, na majirani walikuwa wamekuja kutusaidia kuyapiga. Humo ndimo zilimokuwa daftari zetu, sabuni yetu na sare yangu mpya niliyoahidiwa. Upande wa msitu wa Ngorongoro wingu lilikuwa limeanza kushuka, na baba alikuwa akipiga fimbo kama mtu anayefukuzwa. Ndipo akaja binti wa Mama Safari, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, anahema. Mama yake alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki, na baba yao yuko mbali, Baray, kwenye mashamba ya vitunguu.

"Tumalize hili fungu kwanza," baba alisema bila kuinua kichwa. "Mvua ikitukuta hapa tumekwisha."

Mama aliweka fimbo yake chini. "Maharage tutapanda tena, Baba Theresia. Mtu hapandwi."

Alivuta blanketi kwenye kamba, akaanza kutafuta miti ya kutengenezea machela. Baba aliangalia wingu, akamwangalia mama, kisha naye akaacha fimbo. Wanaume walimbeba Mama Safari hadi zahanati kwa kupokezana, mama akitembea pembeni amemshika mkono. Sisi watoto tuliachiwa turubai moja lenye matundu, na mvua ikaja kwelikweli. Nililia kwa hasira nikivuta lile turubai huku na huku.

Maharage yaliota palepale uwanjani. Mwaka ule tulikula maboga na mnafu hadi tukachoka, na mimi nikaendelea na sare ya viraka. Mama Safari alirudi na mtoto wa kiume, wote wazima. Hata hivyo sikumsamehe mama haraka. Yeye wala hakuniomba radhi. Alikuwa akisema tu kwamba kazi haijawahi kuisha kwa mtu yeyote aliyemjua, na wengi wameshazikwa.

Vijana wa siku hizi wakisikia mtu anaumwa, wanatuma kidole gumba na picha ya mishumaa kwenye grupu, wamemaliza. Nawacheka, lakini nacheka kwa aibu, maana mimi nimekuwa hodari kuwashinda. Ni dereva wa watalii. Kila wiki napita njia panda ya kwenda nyumbani, kwenda na kurudi. Kutoka pale hadi uani kwa mama ni dakika ishirini. Nilikuwa napiga honi, kana kwamba itamfikia.

Mwaka jana msimu ulipopamba moto, dada yangu Theresia alinipigia. "Mama anasema uje akuone."

"Mwambie wiki ijayo."

Wiki iliyofuata nilikuwa Serengeti. Nyingine nikawa na wageni wa Loliondo. Theresia akapiga tena, akasema macho ya mama si mazuri. Nikampa dereva mwenzangu sukari, mchele na miwani ya kusomea ampelekee, nikajiona mtoto mwema.

Nilifika masika yalipoanza na wageni wakapungua. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mboga kwa vidole. Aliposikia mlango wa gari alisimama, lakini uso wake ukaelekea pembeni yangu, upande wa banda la ng'ombe.

"Ni Emanueli?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sogea."

Alinishika mashavu, akapapasa paji la uso, akaishia kwenye masikio. "Umenenepa," alisema, akacheka kidogo.

Nilimfuata Theresia jikoni. Aliniambia daktari alisema ni presha ya macho, na mwanga uliopotea haurudi. Mama alijua mapema. Alitaka anione kabla haujazima.

"Sasa kwa nini hukuniambia hivyo?" nilimuuliza.

"Alinikataza. Alisema mtu akija kwa kuogopa, hajaja."

Nilirudi uani nikingoja nigombezwe. Mama aliulizia watoto tu. "Yule mdogo wenu, Neema, sijakutana naye tangu abatizwe. Amefanana na nani?"

"Na mama yake."

"Pua pia? Akicheka anakuwaje?"

Mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta simu, niangalie picha. Alisikia.

"Nimekuuliza wewe," alisema kwa upole.

Nilitoa mkono mfukoni, nikakitafuta kicheko chake kichwani, nisikipate. Mtoto wangu wa miaka sita, analala chumba cha pili.

Tangu siku ile naenda Daa kila Jumapili, na Neema naenda naye. Sijifanyi nimepona. Nusu saa haijapita mguu wangu unaanza kutikisika, nafikiria tairi, nafikiria wageni wa Jumatatu, na mama ananiambia niende tu kama nina kazi, mtoto nimwache. Nabaki, lakini kubaki kwenyewe ni kama kumshika ndama aliyeona malisho.

Ila kinachoninyima raha hasa ni jioni ile ya kwanza niliporudi nyumbani. Neema alikuwa mezani anakunywa uji. Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake, nikaanza kumsoma polepole: nyusi, kidevu, pengo la jino la mbele ambalo sikujua limetoka lini. Akaacha kijiko.

"Baba, mbona unaniangalia? Nimekosa nini?"

Sisi tulikua na viraka, miguu mitupu, na maboga asubuhi hadi jioni. Lakini natafuta katika utoto wangu wote siku ambayo nilishangaa kuangaliwa na mzazi wangu, na siioni.