Njia ya Uani kwa Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa kwanza alinisimamisha mbele ya stesheni ya Kigoma, akanionyesha wageni na kofia zao, akaniuliza, "Wangapi?"

"Watano."

"Hesabu tena."

Walikuwa sita. Mmoja alikuwa amechuchumaa anafunga kamba za viatu. Meneja, mtu wa Tanga aliyeletwa kuendesha hoteli yetu ndogo hapa kilimani juu ya ziwa, hakucheka. "Mgeni akipotea ni hasara," aliniambia. "Akipotea na kamera yake ni kesi." Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtembezaji, na tangu siku ile hata watoto wangu nyumbani Gungu nawahesabu mara mbili kabla chakula hakijapakuliwa.

Ninyi mnaoishika kazi hii leo na simu inayowaonyesha njia, jueni kwamba sisi tulikwenda kwa miguu, kutoka stesheni hadi Ujiji, asubuhi nzima. Mgeni tulimwita kichwa. Yule anayebaki nyuma akipiga picha mbuzi tulimwita mkia, na mwendo wa msafara ulikuwa mwendo wa mkia. Wengi walitaka jiwe la ukumbusho tu, pale walipoonana wale Wazungu wawili wa vitabu vya historia. Picha, maji ya chupa, basi. Ilinikera. Mji mzima wa watu wanaosalimiana kila asubuhi, na mgeni anauliza habari za wawili waliosalimiana mara moja.

Kwa hiyo niliwapitisha vichochoroni, kuanzia Rusimbi hadi kwenye nyumba kongwe za Ujiji zenye baraza na milango mizito. Vichochoro vile vinakatiza uani kwa watu, kati ya kamba ya nguo na jiko. Hakuna ofisi inayotoa ruhusa ya kupita pale. Ruhusa walikuwa nayo wanawake wenye nyua, na uliiomba upya kila safari. Mkubwa wao alikuwa Bi Zuhura. Kibirizi hakuna muuza dagaa aliyewahi kunishinda kwa maneno, lakini mama huyu alinishinda kila nilipopiga hodi.

"Bi Zuhura, naomba kupita na wageni sita."

"Mbona naona saba?"

"Wa saba ni mimi."

"Basi huyo ndiye wa kuchungwa."

"Wanakuamkia wote. Shikamoo."

"Hiyo shikamoo ya jumla peleka sokoni. Mimi napokea rejareja."

Basi watu wazima kutoka ng'ambo walipanga foleni kumwamkia, mmoja mmoja, ndimi zikiwa nzito. Akisharidhika, anafungua mlango wa ua, na nyua za mbele nazo zinafunguka, maana wenye nyua wote walimtazama yeye.

Meneja wa pili alituongoza akiwa kitini, hivyo hakuharibu kitu. Wa tatu alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyotumaliza. Siku moja alikuja mwenyewe na mawakala wanane wa utalii, watu ambao wakipendezwa wangetuletea wageni mwaka mzima. Tulipokata kona tukakuta majamvi yametandikwa mbele ya nyumba ya Bi Zuhura, wanaume wamekaa kimya. Alikuwa amefariki alfajiri.

Penye msiba msafara haupiti. Unakaa jamvini na wageni wako, mnatoa pole, kisha mnarudi mlikotoka.

"Bosi, tukae kidogo, halafu turudi," nilimwambia.

"Turudi? Mzee, hawa wamepanda ndege mbili kuja kuiona nyumba hii."

"Nyumba ipo. Leo haipitiki."

"Dakika tano. Tutapita pembeni, kimya kimya."

"Hakuna pembeni. Uani wanamwosha marehemu."

"Basi wewe kaa. Mimi nitawapitisha."

Nikavua viatu, nikakaa. Niliwahesabu wakiingia: wanane na Meneja. Nikawahesabu wakitoka: wanane na Meneja, wakitoka upesi kuliko walivyoingia, na vilio vya wanawake vimegeuka makelele nyuma yao.

Ramadhani, mtoto wa marehemu, alikuwa ameketi karibu yangu. Hakunitazama. "Wale ni wako, Mzee?"

"Ni wa hoteli."

"Sikuulizi hoteli. Njia ya uani kwa mama, wameonyeshwa na nani?"

Maisha yangu yote nimebishana na watu. Pale nilibaki jamvini hadi wakati wa kuzika.

Matanga yalipoanuliwa nilirudi kupiga hodi. Nyumba ya kwanza, leo wanafua. Ya pili, wana mgonjwa. Ya tatu nilisikia watu wakinyamaza ndani. Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa nafuu wangenitukana. Meneja aliandika kwamba wenyeji hawana ushirikiano, wageni wakaanza kupelekwa kwenye jiwe kwa gari, na gari halihitaji mtembezaji. Mimi niliagwa kwa kofia yenye jina la hoteli. Yeye alihamishiwa hoteli kubwa zaidi.

Sasa nimestaafu, kama kusukumwa kando kunaitwa hivyo. Nikienda Ujiji kununua mawese napanda bodaboda. Warithi wa Bi Zuhura wamegawana nyumba, ukuta wa ua umebomolewa. Juzi dereva alipunguza mwendo pale kwenye kona.

"Mzee, tukate huku ndani, ni karibu. Siku hizi unapita tu, hakuna wa kumwomba."

Nikamwambia ashike barabara kubwa.