Nilikwenda Temeke kumchukua bibi nikamtunze, nikabebewa viatu

Wakuu, heshima kwenu. Mie ni mzee, shule niliishia la tatu, herufi zikipinda mnisamehe. Ila uongo humu hamtaupata.

Enzi za Ujamaa nilikuwa kijana, nafanya kazi kiwandani, nimepanga Manzese.

Bibi mzaa mama alikuwa anaishi peke yake, chumba kimoja, Temeke. Meno yalishamuaga. Ukoo ukanituma: kamlete bibi kwako, ataanguka huko afe peke yake.

Siku hiyo nimevaa raizoni, viatu visigino kama matofali. Na suruali ya bugaluu imebana kiunoni hata kumeza mate shida. Chai sijanywa, ubishoo tu!

Bibi kanisikiliza huku anachambua mchicha wake.

"Mume wangu, twende foleni ya sukari. Ukinisimamia mpaka dirishani, nahama. Ukishindwa, usirudi na maneno hayo."

Vijana, foleni ya duka la ushirika hamuijui. Watu walikuwa wanapanga mawe. Jiwe lako ndiyo wewe, unaenda zako. Mie nikasimama kwa miguu, mwanaume. Bibi akaweka na jiwe lake palepale, eti tahadhari, akarudi kupalilia mchicha wake.

Saa sita, jua la utosi. Nikaona jiwe la bibi limekuwa mawili. Halafu kiza.

Kuzinduka, bibi ananimwagia maji, raizoni kashanivua. Foleni nzima inacheka. Balozi wa nyumba kumi akauliza:

"Bi Somoe, huyu mgonjwa umemtoa wapi?"

"Manzese. Kaja kunitunza."

Jiwe lake likafika dirishani. Akachukua sukari, akajitwika na raizoni zangu. Mie nyuma peku, narukaruka mchanga wa moto. Nyumbani akanikorogea uji.

Chumba kile hakukihama mpaka mwisho wake.

Nilichojifunza: alikula mchicha wake, alitembea, na kupumzika hakuona aibu. Kusimama kaliachia jiwe.

Sasa ni zamu yangu. Mwanangu anataka kunihamishia kwake Mbagala, eti nina presha. Nyie wazee wenzangu, wa kwenu mnawajibu nini? Semeni, nitasoma nikiiona miwani.

Mie wangu nimemwambia aje Jumamosi, twende sokoni na kurudi kwa miguu. Akinishinda, nafunga mizigo.

Kajibu atakuja na gari.