Papa wa Stesheni

Mwaka ule wa tisini na sita, Wakongo wanavuka ziwa kukimbia vita, Veneranda alikuwa Kibirizi, ufukweni Kigoma, anaanika dagaa mchangani na kutazama nyuso. Boti ikifika tu anaacha dagaa, anapita mbele ya wakimbizi mmoja mmoja, anarudi. Halii. Watu walishamzoea kama walivyoyazoea malori ya kambini.

Mumewe Anatoli alikuwa anavusha watu hao hao. Boti yake ikakutwa inaelea, yeye hayumo. Kwenye ukoo wao, maiti isipopatikana wanazika mgomba: unakatwa, unavishwa sanda, unafukiwa, matanga yanavunjwa. Veneranda akagoma. "Simziki mtu ambaye sijui yuko wapi." Basi, imeisha hiyo. Moto wa matanga ukaendelea kuwaka uani, na shemeji yake Meshack, kuli wa stesheni, akawa analala pembeni ya huo moto na moshi machoni, maana ndugu wa marehemu haondoki matanga hayajavunjwa.

Meshack si mtu wa kuvumilia. Siku moja akaja na kiroba, akamwaga miguuni pa shemeji yake samaki mkavu, urefu kama mkono wa mtu mzima, ngozi msasa mtupu.

"Kavuliwa jana, kule kwenye kina. Hawa ndo wamemla kaka. Tuzike, shemeji, tupumzike."

"Nani kamvua?"

"Watu."

"Hao watu hawana majina?"

"We unataka samaki au unataka majina?"

Veneranda akapitisha kidole kwenye ile ngozi, akalamba.

"Kavuliwa jana, kakauka lini? Na chumvi yote hii kajipaka mwenyewe?"

Meshack akatazama pembeni. "Haya, katoka kwenye treni, mzigo wa mtu wa pwani. Lakini we unaona huko chini hakuna wenzake? Ulishafika?"

Hilo likamkaa. Akamrudisha samaki kwenye kiroba, akatembea nacho mpaka ofisi ya uvuvi mjini, akamkuta Bi Aikande, mtu wa Same aliyehamishiwa Kigoma. Akakifungua juu ya meza, katikati ya chai.

"Mama, huyu anaishi ziwani?"

Bi Aikande akasogeza kikombe, akamgeuzageuza yule samaki. "Huyu papa. Tena si hawa papa wa juu juu. Ona mgongoni, mapezi mawili, kila moja na mwiba wake mbele. Na huku tumboni, karibu na mkia, wengi wana pezi. Huyu hana. Ndo alama ya ukoo wao. Anakaa baharini, chini kwenye giza. Kwenye bahari yetu wanampata wanaotega mbali na pwani, na kushuka mpaka Msumbiji. Ziwani hayupo, na hajawahi kuwepo."

"Basi kule chini kwetu kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hata samaki?"

"Samaki wetu wanaishia juu. Ukishuka sana, maji hayana hewa. Hakuna kinachoishi."

Veneranda akafikiri. "Kwa hiyo aliyezama huko hakuna cha kumla."

"Hakuna."

"Na kupanda juu?"

Bi Aikande akaacha kumgusa samaki. Alijua sasa anaulizwa nini. "Kule ni chini sana, na uzito wote wa maji uko juu yake. Akishafika chini kabisa, hapandi, dada yangu."

"Anakaa tu."

"Anakaa."

Veneranda akafunga kiroba, akashukuru, akarudi kwa miguu. Alisubiri kitu kimchome kifuani. Hakikuja. Alisikia uchovu wa miguu tu, na jua.

Meshack alikuwa anachochea moto. "Wamesemaje?"

"Kakate mgomba."

"Kumbe wapo?"

"Hawapo. Hakuna kitu. Yuko kule chini, palepale, hatoki. Kakate."

Jamaa akanyanyuka na panga, akasimama kidogo kama mtu aliyeshinda ugomvi asioutaka tena, akaenda.

Walizika kesho yake nyuma ya nyumba, pale juu ya ufuo. Wakati wanafukia, boti ikaingia Kibirizi imejaa watu, na kutoka pale juu nyuso zilionekana vizuri tu. Veneranda alikuwa ameipa boti mgongo, anamchemsha yule papa wa kulia ugali wa matanga.

Mzee mmoja akaonja, akasema chumvi imezidi.

"Wa baharini huyo," Veneranda akasema, akamwongezea ugali.